Anarkul wa Breki na Gari Lisilotaka Kusimama

Anarkul hakuzaliwa fundi. Mpaka alipofika miaka thelathini na mbili alikuwa dereva wa kiwanda cha mikate cha mji wa Kara-Balta. Siku moja alipokuwa akishuka mlima wa Too-Ashuu na gari tupu, akakanyaga breki, na kanyagio likazama mpaka sakafuni kama limetumbukia kwenye unga. Alijiokoa kwa gia ya kwanza na tuta la theluji. Waliomkuta wanasema hakuwa analia. Alikuwa analitukana gari, tusi juu ya tusi, bila kurudia hata moja.

Siku iliyofuata alizifungua breki za mbele zote, akazimwaga juu ya meza ya jikoni, akamwambia mumewe Kubat akale dirishani.

“Nataka nikione hicho kilichotaka kuniua,” alisema.

Meza ile haikurudi tena kuwa ya chakula. Mwaka haukuisha, Anarkul akaaga mikate, akafungua gereji kando ya barabara iendayo mlimani. Injini hagusi, taa hagusi. Breki tu, huu mwaka wa kumi na sita. Na sharti lake wenyeji walilijua: ukifungiwa diski mpya za breki kwake, ufunguo hupewi mpaka yeye mwenyewe aliendeshe gari na kuzizoesha kazi.

Omurzak hakulijua. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu kutoka Suusamyr, ng'ambo ya mlima, mwenye kofia ndefu nyeupe ya sufu na gari kuukuu la Kijerumani lililonuka maziwa ya farasi. Aliingia gereji Jumamosi moja ya Septemba, asubuhi.

“Dada, nikikanyaga breki, usukani unatetemeka kama mbuzi aliyeona kisu,” alisema. “Mke wangu kakataa kupanda. Juzi kashuka mlima kwenye lori la kondoo, tena ananipungia mkono!”

“Kafanya la maana,” Anarkul alimjibu, huku jeki iko tayari chini ya gari.

Diski zilikuwa zimekwisha, zina matuta na michirizi, ukipitisha ukucha unakwama. Omurzak akatoa mpya mbili kutoka kwenye buti, alizozinunua mwenyewe sokoni.

“Basi funga upesi. Mjukuu wangu kaanza kutembea, leo kwa mila yetu anafungwa kamba miguuni, na mtoto anayeshinda mbio ndiye anayeikata. Saa kumi watoto wanakimbia, na babu lazima awepo.”

“Utakuwepo. Kunywa chai.”

Lakini upesi wa Anarkul haukuwa upesi wa Omurzak. Aliondoa kalipa, kile kibano kinachoibana diski, akaitundika kwa waya, isije ikaning'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Akasugua kutu kwa brashi ya waya pale diski inapokaa, akasugua tena, akapapasa kwa kidole, akasugua mara ya tatu.

“Dada, unafunga breki au unaosha sahani za harusi?”

“Punje moja ya kutu ikibaki hapa, diski inakaa upande. Mtetemo wako unarudi, na mkeo anarudi kwa kondoo.”

Anarkul akafuta diski mpya mpaka mafuta ya kiwandani yakaisha, akafunga pedi mpya, vile vipande vinavyosugua diski, akakaza nati kwa kuvuka, ya huku kisha ya kule. Mwisho akakanyaga breki mara nyingi gari likiwa limesimama, mpaka kanyagio likawa gumu. Mzee akanyoosha mkono apewe ufunguo.

“Kaa kulia kwangu,” alisema Anarkul, tayari yuko nyuma ya usukani. “Tunakwenda kuzifunza.”

“Gari langu, niendeshwe na mwanamke mji mzima ukiniona?”

“Inamisha kofia.”

Wakashika barabara iliyonyooka kati ya mashamba ya viazi-sukari. Anarkul akapandisha mwendo mpaka sitini, akatazama nyuma, barabara tupu, akakanyaga breki kwa nguvu mpaka kumi, akaachia, akapandisha tena. Kofia ya mzee ikaruka mpaka kwenye kioo.

“Kwa nini usisimame kabisa, tumalize?”

“Diski ikiwa moto, ukisimama na mguu umeng'ang'ania breki, pedi inaacha alama pale pale. Kesho usukani unatetemeka, unakuja kuniita mwizi. Mara kumi, bila kusimama. Hii ya pili.”

Walipofika ya saba, askari wa barabarani akatoka nyuma ya mti akiwa na kirungu chake. Alikuwa kijana, jina lake Janysh, mgeni katika kituo cha polisi cha pale, na alikuwa ameliona gari likikurupuka na kufunga breki kama lina mapepo. Akainua mkono.

Anarkul akapunguza mpaka kumi, akateremsha kioo, na gari likaendelea kujiendea.

“Simama, shangazi!”

“Siwezi, mwanangu, breki ni mpya!”

Janysh akaanza kukimbia ubavuni. “Breki mpya ndizo zinazosimamisha!”

“Zimebaki mara tatu tu!”

Hapo Omurzak akainama kuelekea dirisha la Anarkul, uso umemwiva. “Kijana, hujui pedi inaacha alama? Unataka kuniharibia diski?”

“Umelewa, mzee?”

“Kwa chai ya huyu dada? Hata sukari haina!”

Wakamwacha anahema katikati ya barabara. Mara tatu zikaisha. Kisha Anarkul akaendesha taratibu dakika kumi, breki hazigusi, upepo upite magurudumuni. Ndipo akageuza, akaenda kusimama mbele ya askari, polepole, bila mshtuko.

Janysh akanusa. “Gari linaungua!”

“Ni harufu ya pedi zikipata moto mara ya kwanza. Njoo uone.”

Akachungulia katikati ya gurudumu. Diski ilikuwa imepata rangi moja ya kijivu, sawasawa kila mahali. Akaiangalia muda mrefu kuliko askari anavyoangalia karatasi za gari.

“Langu mimi linapiga kelele kila nikisimama,” alisema kwa sauti ya chini.

“Jumatatu lilete.”

“Nitalileta. Ila shangazi, siku nyingine nipigie simu kwanza. Nimekimbia na viatu hivi!”

Omurzak alipokabidhiwa ufunguo hakuondoka mara moja. Aliomba aelezwe tena, pole pole, habari ya alama na moto, apate la kumwambia mkewe. Anarkul akamweleza, akamwonya atumie gia ndogo kwenye miteremko.

Saa kumi na moja simu ikalia, nyuma yake kelele za watoto.

“Dada, nimewahi! Usukani umetulia kabisa. Mtoto kakatwa kamba, kapiga hatua tatu, kakaa chini kwenye sahani ya wali!”

“Na mkeo?”

“Anasema atapanda mpaka mtoni kwanza, ndipo aamue.”

Anarkul alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta mikono, akaenda kumfungulia mwenye lori la makaa aliyekuwa anapiga honi getini.