Nani Aanze Kufungua

Hafidh ni mtu wa Tanga, mfunga marobota hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika huku kwa Wachina. Wafanyabiashara wakishanunua nguo kule soko la Zhanqian humletea yeye. Anazishindilia kwa mashine, anazungushia gunia na utepe, kisha mzigo unakwenda kwa wakala wa kontena. Mzigo ambao hajauona ndani haufungi, hata laoban, bosi mwenye stoo, afoke vipi. Mimi nampikia chakula cha mchana, yeye na wengine, chumbani kwangu ghorofa ya juu ya stoo hiyo. Mimi ni wa Lushoto, kwa hiyo ananiita dada.

Mkewe alifariki zamani akamwachia binti mmoja, Fathiya. Binti alipata nafasi ya kusoma dini huko Qum, nchini Iran, na Hafidh alikuwa hamalizi sahani bila kumtaja. Halafu Juni ile vita vikaingia. Mitambo ya nyuklia ikapigwa mabomu, na mtambo mmoja uko mlimani karibu na Qum. Simu zikawa hazipatikani. Hafidh anakuja, anakaa, wali unapoa mbele yake.

Mabomu yaliposimama, Fathiya akapatikana. Baba akataka arudi nyumbani mara moja. Binti akakataa, amebakiza muhula wa mwisho. Wakabishana kwa simu hapa hapa mezani kwangu mpaka wakafikia neno. Kuna wakaguzi wa dunia, wanaotazama kama madini yale ya nyuklia ni ya umeme au ni ya silaha. Baada ya mashambulizi walikuwa wamefungiwa milango.

"Wakiruhusiwa kurudi," Hafidh akasema, "maana yake wakubwa wanazungumza. Utabaki. Wakikataliwa, unatoka."

"Sawa baba. Shangazi ndiye shahidi."

Shangazi ndiye mimi. Nikawa shahidi wa jambo nisilolijua. Nimeishia darasa la saba, nyuklia nimeisikia redioni tu. Lakini kila alfajiri nikawa nawaombea wale wakaguzi waingie, watu ambao hata sura zao sizijui. Siku moja Fathiya akaniambia huko Qum kuna wanaoomba wasiingie kabisa, nao wanaomba kwa machozi. Alfajiri iliyofuata nikainuka pale nilipopiga magoti nisijue niendelee au niache.

Mwezi wa nane, Odhiambo, Mkenya mwenye biashara ya viatu, akaingia na simu mkononi.

"Mzee Hafidh, changamka! Wakaguzi wako wameingia."

Hafidh akaacha kijiko. "Wameingia?"

"Wameingia bana. Ngoja..." Akasoma tena, sauti ikapungua. "Lakini hawajapelekwa pale palipopigwa. Wamepelekwa mtambo mwingine, ule haukuguswa."

"Sasa hapo wameingia au hawajaingia?"

"Mimi nauza viatu, mzee. Naona mguu mmoja umevaa, mwingine uko peku."

Hafidh akampigia binti, akaiweka simu tuonane naye wote.

"Shikamoo baba, shikamoo shangazi. Nimeshasikia. Wameingia, kwa hiyo nabaki."

"Wameingia wapi? Mgeni umemkalisha barazani, chumba kilichoungua umekitia kufuli. Huyo ameingia?"

"Hukusema chumba gani, baba. Shangazi, alisema?"

Wote wakanigeukia. Kweli hakusema. Na kweli nilijua alichomaanisha. "Alisema wakiruhusiwa kurudi," nikajibu. "Wamerudi. Ila..."

"Basi tuyaache ya serikali," Hafidh akasema. "Nionyeshe chumba chako wewe."

Fathiya akazungusha simu. Tukaona kitanda, zulia, vitabu, birika.

"Na upande ule unaoupa mgongo?"

"Meiyou," akasema akicheka. Ni neno la wauzaji wa hapa, maana yake hakuna, baba yake alimfundisha. Baba hakucheka.

"Geuza simu, Fathiya."

"Nikigeuza utanitoa."

"Kumbe kuna kitu."

"Sikusema kuna kitu."

"Haki ya nani, hii si ndiyo ile ya kwenye habari!" Odhiambo akasema.

"Wewe kula, unyamaze," Hafidh akamwambia.

"Baba, huku watu wanasema wakaguzi wametazama miaka yote, na palipotazamwa ndipo palipopigwa. Apa kwanza kwamba hutanitoa, ndipo nitaonyesha."

"Siapi juu ya kitu sijakiona. Onyesha kwanza."

"Apa kwanza."

"Onyesha kwanza."

Wangebishana hivyo mpaka magharibi. Kwetu kanisani tumefundishwa tusiape, na mimi nikajikuta namshawishi mtu aape. "Kaka Hafidh," nikasema, "usipoapa, hutaona. Ukiapa, utaona, lakini hutaweza kufanya lolote. Unataka kipi?"

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Kuona," akasema. "Wallahi sitakutoa. Nionyeshe, mwanangu."

Fathiya akageuza simu. Dirisha halikuwa na kioo, limezibwa kwa maboksi. Kutoka dirishani mpaka darini ukuta umepasuka, ufa unaingia mkono. Chini yake palikuwa na kitanda kingine, kimevunjika katikati.

"Hicho cha nani?"

"Changu. Hiki ninachokalia ni cha mwenzangu, yeye alishaondoka."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimetoka kutia udhu."

"Siku zote hizi unaniambia salama."

"Nilikuwa salama, baba."

Hafidh akasimama, kisha akanitazama mimi. Nilijua anachotafuta. Alitaka niseme kiapo kile hakina nguvu. Ningesema hivyo, binti yule asingetuonyesha tena hata birika. Nikainamisha macho.

"Nimeapa," akasema hatimaye. "Usilale humo."

"Nalala koridoni na wanafunzi wengine."

"Na kila siku unageuza simu. Pande zote."

"Nitageuza."

Fathiya bado yuko Qum. Kila mchana baba yake anaiegemeza simu kwenye jagi la maji, binti anageuza, Hafidh anautazama ufa kama umeongezeka. Amekonda. Zamani alikuwa hajui, akilala usingizi. Sasa anajua na halali. Na wale wakaguzi, leo nasikia wanaingia, kesho nasikia wametolewa, hata Odhiambo hatusomei tena.

Juzi Hafidh ameniuliza kama siku ile nilimshauri vizuri.

"Sijui, kaka," nikamwambia, nikamwongezea mchuzi.