Soseji Niliyokula Nikiwa Mjamzito

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza wakati mke Mzungu wa bosi wa mume wangu alipotualika chai nyumbani kwake Bukoba mjini. Alituandalia soseji za kopo ndani ya mikate midogo laini. Nilikula, tena nikaongezewa.

Tuliporudi Kagondo, mama mkwe akaniuliza, "Ilikuwa nyama ya mnyama gani?"

Sikujua. Ilikuwa imesagwa, haina mfupa wala ngozi. Muziro wa ukoo wao, yaani mwiko wao, ulikuwa pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa. Mjamzito akimla, walisema, mtoto huzaliwa na mabaka. Kila nilipowashwa tumbo niliingiwa na hofu.

Mwishowe nikamwendea yule mama Mzungu mwenyewe.

"Ni nguruwe," alisema akicheka, "na unga wa mkate, chumvi na pilipili."

"Hakuna pongo?"

"Kwetu hatuna pongo."

Mama mkwe hakuridhika. "Kwani yeye alikuwepo wakichinja?"

Swali hilo lilininyima raha mpaka nilipojifungua. Mama mkwe alimchukua binti yangu, akamgeuza huku na huku karibu na dirisha.

"Ngozi safi," akasema. "Mnyonyeshe."

Nikaangua kilio.