Jipu Nililomficha Mama Mkwe

Ndugu zangu wa jumuiya, mmeniomba niseme jinsi nilivyopona, na nitasema. Kina mama wenye watoto msiwatoe nje, maana hakuna jambo baya hapa. Kuna tako tu. Tako kila mtu analo, na langu ndilo lililotaka kunizika.

Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa baiskeli. Nilikuwa nanunua dagaa na samaki wakavu Kasanga, nawafunga nyuma, napandisha milima mpaka Sumbawanga. Baiskeli yangu ilikuwa ile nyeusi ya Kichina, chuma kizito, kiti kipana chenye springi. Mlima ulinijua na mimi niliujua. Sikuwahi kuumwa hata mafua ya kunilaza.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa vitu ambavyo hatukujua kama tunavihitaji, na zikaingia baiskeli za gia kutokea Tunduma. Kisha tukasikia kwamba mashindano ya taifa ya baiskeli za milimani mwaka huo yataletwa kwetu Ufipa, kampuni moja ya vinywaji imejitolea. Mwalimu wa michezo aliyekuwa anatafuta watu wa mkoa akanifuata nyumbani Kizwite.

"Wewe unapanda mlima na gunia la dagaa," akasema. "Bila gunia si utapaa?"

Nikaona ana hoja. Mfanyabiashara mmoja akaniazima baiskeli ya gia, na kwenye mitumba nikapata kaptula nyeusi ya kubana ya waendesha baiskeli. Nilipoivaa, mke wangu Restituta alinizunguka, akaniangalia mbele na nyuma.

"Baba Deo," akasema, "hiyo ni nguo ya ndani. Ya nje iko wapi?"

Shida haikuwa kaptula. Shida ilikuwa kiti. Kiti cha baiskeli zile ni chembamba kama ulimi wa ng'ombe, halafu kigumu. Nilifanya mazoezi kutwa, jasho, vumbi, msuguano, na baada ya muda kikatoka kipele kwenye tako la kulia, pale pale mtu anapokalia. Nikakikuna. Kikawa jipu. Likawa gumu, jekundu, la moto, na usiku linadunda lenyewe utadhani lina moyo wake.

Restituta akasema, "Nenda hospitali wakakupasue."

Sasa hapa ndipo mnielewe. Mama mzaa mke wangu alikuwa muuguzi wa hospitali ya mkoa. Ukienda hospitali ile na kidonda, kiwe cha kichwa au cha unyayo, unapelekwa chumba cha vidonda, na kwenye chumba cha vidonda yuko yeye. Na mnajua kwetu. Mama mkwe hukai naye kiti kimoja. Huli naye sahani moja. Mkikutana njiani nawe uko kwenye baiskeli, unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unangoja akujibu mpaka amalize. Mtu wa namna hiyo nimpelekee tako?

"Mama ameona matako ya wilaya nzima," mke wangu akasema.

"Langu halimo kwenye wilaya hiyo," nikamjibu.

Nikaenda duka la dawa, maana maduka hayo nayo yalikuwa yameota kila kona. Nikanunua vile vidonge vya rangi mbili. Muuzaji hakuniuliza ninaumwa nini, nami sikumwambia. Tulielewana vizuri sana. Jipu halikuelewana na yeyote.

Siku ya mashindano upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio. Walikuja watu wa Arusha, Mwanza na Dar es Salaam, wana miwani ya rangi na kofia ngumu. Mimi nilikuja na jipu la ukubwa wa yai la bata, lina kichwa cheupe. Kukaa nisingeweza. Nikaamua nitaendesha nimesimama juu ya pedali mizunguko yote, milimani na mabondeni.

Watu waliojipanga njiani wakaanza kuambizana, "Yule wetu haketi." Mtangazaji mwenye kipaza sauti akawaeleza kwamba hiyo ni mbinu mpya ya nyanda za juu. Mzunguko wa pili nikaona vijana wawili wa Arusha nao wamesimama, wananiiga, mapaja yanawatetemeka. Mmoja akanisogelea.

"Mshikaji, hii inasaidia nini?"

"Inasaidia sana," nikamjibu, machozi yananitoka.

Mzunguko wa mwisho nilikuwa wa pili. Mbele yangu alikuwa mtu mmoja wa Mwanza, na nilimwona amechoka, kichwa kimeinama. Nikasema moyoni, huyu kwenye mteremko ni wangu. Tukafika juu ya kilima, penye hema la huduma ya kwanza. Mizunguko yote niliyopita pale sikuona mtu, kumbe muuguzi alikuwa ndani anamfunga mtu goti. Safari hii alikuwa ametoka, amesimama pembeni ya njia na sare yake nyeupe. Mama mkwe.

Ndugu zangu, mguu ulishuka kabla akili haijauliza. Nikailaza baiskeli, nikachuchumaa, nikapiga makofi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za nyumbani?"

Nilipochuchumaa ngozi ilivutika, na jipu likapasuka. Nilisikia kitu cha moto kinashuka pajani mpaka kwenye soksi. Raha niliyoipata pale siwezi kuieleza mbele ya watu waliobatizwa. Lakini huwezi kuinuka mkwe hajamaliza.

"Nyumbani kwema, mama."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Mtu wa Dar es Salaam akapita.

"Na mahindi?"

"Yamekauka vizuri, mama."

Wale wa Arusha wakapita, bado wamesimama.

"Haya, baba. Kazi njema."

Nikapanda baiskeli na, kwa mara ya kwanza siku ile, nikakaa. Nilishuka kile kilima kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mmoja wa Arusha nikampita, wa pili nikampita. Chini kulikuwa na kijito ambapo wafugaji hunyweshea ng'ombe, maji meusi, nusu tope nusu mavi. Gurudumu la mbele likazama, nami nikaingia mle mzima mzima, na tundu la jipu wazi. Niliinuka nikamaliza wa tatu. Nikavishwa medali, watu wakanibeba juu juu, na aliyenishika kwa chini alijifuta mkono kwenye suruali yake bila kuuliza.

Nilidhani yamekwisha. Jipu limepasuka, limepasuka. Lakini haukupita muda nikaanza kutetemeka kwa baridi juani. Tako likavimba upya, safari hii mpaka nyuma ya goti, ngozi ikang'aa, ikawa ya zambarau. Nikawa nalala kifudifudi, natapika uji. Usaha ulitoka wa kijani, na harufu yake Restituta aliisikia toka jikoni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaniambia.

"Kikiniumbua nitakuwa sipo," nikasema. Naona aibu kwa jibu hilo mpaka leo, maana yeye hakucheka. Alifunga kanga yake, akatoka.

Alirudi na mama yake. Mama mkwe hakuingia chumbani, kwetu haingii chumba cha mkwe. Alisimama nje ya dirisha, nikamsikia anahema, alikuwa amekuja mbio.

"Baba," akasema, "hutaki nikuone. Mimi pia sitaki kukuona. Lakini ukifa kwa heshima, mwanangu atabaki mjane, na mjane wa heshima analala peke yake kama mjane mwingine yeyote. Nimeleta gari. Chagua."

Restituta alikuwa amekaa chini mlangoni, analia bila sauti. Hapo ndipo niliogopa kufa. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kuvuliwa tu. Nikasema, "Nibebeni."

Daktari alikuwa kijana mpole. Alibonyeza paja langu, nikapiga kelele mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakaniombea.

"Sumu imeanza kuingia kwenye damu," akasema. "Ungekawia kidogo, ningekuwa naongea na mkeo peke yake."

Walinipasua. Walitoa usaha wa kujaza bakuli la mboga, wakakata na nyama iliyooza. Nilipozinduka nilikuwa na shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia. Na daktari akanieleza kwamba shimo lile halishonwi. Linaoshwa kila siku na kujazwa kitambaa chenye dawa, mpaka nyama iote yenyewe kutoka chini. Nikamuuliza nani ataosha, ingawa nilijua.

Asubuhi mama mkwe akaingia na trei yake. Kabla sijafungua mdomo alinirushia kanga kichwani.

"Jifunike uso," akasema. "Mkwe wangu yuko kwake Kizwite. Hapa nina mgonjwa. Mgonjwa, geuka."

Nikageuka. Alikivuta kile kitambaa cha zamani kilichogandana na nyama, nikauma mto. Akaosha, akajaza kipya. Alipomaliza alitoka na trei, akafunga mlango. Nikasikia anabisha hodi.

"Karibu," nikasema.

Akaingia, mikono mitupu, ananitazama usoni. "Baba, nimesikia unaumwa. Nimekuja kukuona. Nyumbani hawajambo?"

Ikawa hivyo kila siku. Mara ya kwanza anakuja muuguzi, mara ya pili anakuja mama mkwe, na mama mkwe hajui chochote kuhusu tako. Mgonjwa wa kitanda cha pili alidhani ni mapacha.

Nyama ikaota. Nikaanza kutembea kwa kushika ukuta, kisha kwa fimbo. Siku ya mwisho aliingia, akanifunika uso kama kawaida, akatazama kidonda, akasema kimefunga. Nilingoja atoke, abishe hodi. Hakutoka. Nilikuwa bado kifudifudi, kanga kichwani, na sauti yake ikaja imebadilika.

"Siku ile ulipochuchumaa, niliona damu inashuka kwenye soksi yako," akasema. "Mimi muuguzi. Niliona damu, nikakuuliza habari za mahindi."

Nikaishika kanga isidondoke.

"Ningekushika mkono palepale, usingeingia kwenye yale maji. Niliona haya kwa sababu ni wewe. Angekuwa mtu baki ningemvua mwenyewe."

Alilia. Mimi pia nililia, kanga ikalowa. Nilikuwa nimejihesabia kwamba mjinga katika habari hii ni mmoja, kumbe tulikuwa wawili, na tulikuwa tunaheshimiana.

Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru yule daktari, na ninamshukuru Restituta aliyenisaliti kwa wakati. Samaki bado nabeba. Ninachowaambia ni hiki: heshima ni nzuri, lakini haina mikono, haiwezi kuosha kidonda. Panapokuuma, hata kama hapatajiki, pataje. Anza na yule unayemwonea haya kuliko wote, maana huyo ndiye hatakaa akuache ufe.

Mama mkwe sasa amestaafu, na tunaheshimiana kama zamani. Nashuka kwenye baiskeli, nachuchumaa, napiga makofi. Ila amebadilisha salamu. Kabla ya nyumbani, kabla ya watoto, kabla ya shamba, ananiuliza, "Unaumwa wapi?" na sharti nijibu kweli, popote tulipo. Juzi tulikutana kwenye harusi, wazee wa upande wa pili wamekaa wanatutazama, mimi na suti yangu. Nikachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unaumwa wapi?"

"Goti la kushoto, mama," nikasema. "Na choo kina siku kadhaa hakijatoka."

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Alifungua mkoba wake, akaanza kutafuta dawa.