Nusu ya Chini

Mtaani kwetu walikuwako ndugu wawili walioitwa Mkubwa na Mdogo, mpaka majina waliyopewa na wazazi yakabaki kwenye vitambulisho tu. Huyo Mdogo ana mvi hadi kwenye nyusi na meno ya mbele hana. Hilo la meno watu hulicheka, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kutengeneza meno bandia. Ukimuuliza mbona hajitengenezei, anakwambia kinyozi hajinyoi, kisha anakufungia mdomo. Mkubwa alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilipakana na cherehani yangu, ukuta ulikuwa wa mbao, na kwa hiyo mengi yao nimeyasikia bila kuuliza.

Ndugu hawa walikuwa wanaunda treni ndogo. Si hizi za plastiki wanazokokota watoto kwa kamba. Zao huja kwa posta, boksi moja, na ndani treni imelala vipande vipande. Kuna mabati membamba ya shaba ya njano, kila dirisha na kila ngazi imeshikamana na bati lake kwa kijipande chembamba kama jani kwenye kikonyo. Kuna vipande vingine vya madini laini ya kijivu: dohani, taa, mitungi ya breki. Unakata, unapiga tupa, unakunja, unalehemu. Yale ya kijivu ukiyagusa na chuma cha kulehemu chenye moto unaofaa shaba yanayeyuka mbele ya macho yako. Mdogo aliwahi kuigeuza dohani nzima kuwa tone. Mkubwa akalichukua lile tone akaliweka dirishani kwake, na kila Mdogo alipokuja kumtembelea aliulizwa, "Treni yako hiyo inaendeleaje?"

Wengine wakipata mapumziko hucheza bao au huenda kulala. Hawa waliunda vichwa vya treni na mabehewa yake, ya mizigo, ya abiria, hata lile la mwisho la mlinzi lenye kibaraza. Nimeyaona yote kabatini kwa Mdogo, nyuma ya kioo, yamejipanga kana kwamba yanasubiri ishara.

Walikuwa na sheria yao. Nusu ya chini ilikuwa ya Mkubwa: chesisi, magurudumu, gia na mota. Nusu ya juu ilikuwa ya Mdogo: bodi, kibanda cha dereva, mabomba, rivati ndogo kama mbegu za ufuta. Kila mmoja alifanyia kwake, na hakuna kuchungulia ya mwenzako hadi siku ya kuvisha. Siku hiyo Mdogo huleta bodi imefungwa kwenye kitambaa, Mkubwa hutoa chesisi chini ya meza, wanaivisha ya juu kwenye ya chini kama mtu anavyovishwa koti. Zikikaa sawa, Mkubwa husema, "Haya." Ndiyo sifa yake yote. Zisipokaa sawa, husema mengi.

Mkubwa alifariki msimu wa mvua, hospitalini, kwa moyo. Walikuwa katikati ya kichwa kimoja cha treni ya makaa. Bodi ilikuwa karibu kwisha.

Mdogo kwenye mazishi alisimama palipotakiwa kusimama. Alipokea mikono. Mtu akimwambia pole anajibu asante, akimwambia jikaze anajibu ndiyo. Kesho yake alikaa mezani kwake akaendelea kupiga tupa mlango wa kibanda cha dereva. Nilimkuta hapo. Nikamuuliza umelala? Akasema amelala. Umekula? Amekula. Mkewe akanisindikiza hadi mlangoni.

"Shemeji, huyu mtu yupo kama redio iliyowashwa chumba hakina watu," akaniambia. "Namwita anaitika. Namgombeza ananikubalia. Miaka yote naomba anikubalie, leo amenikubalia nimeogopa."

"Mpe muda."

"Nimempa. Anautumia kupiga tupa."

Ikaendelea hivyo. Mvua ikaisha, jua likarudi, Mdogo akamaliza bodi na kuipaka rangi nyeusi. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Mimi nilikuwa nakwenda kukaa naye kwa sababu mzee mwenzako usipokwenda kukaa naye utakaa na nani. Tulikuwa tunakaa tu. Tupa inasema, sisi kimya.

Ndipo mke wa Mkubwa akaja na chesisi. Sisi tunamwita Bi Mkubwa, ingawa kimo chake ni cha kufikia kitasa, na mwenyewe husema cheo hicho alikipata kwa ndoa, si kwa urefu. Alikuja na kitambaa cha kufutia miwani, akakifungua juu ya meza.

"Shemeji, hii yenu. Alikwisha kuimaliza," akasema. "Naomba siku ikitembea uniite. Nataka niione."

"Nitakuita," Mdogo akajibu, kwa sauti ile ile anayojibia kila kitu.

Bi Mkubwa alikaa kidogo, akaangalia chesisi, akaangalia uso wa shemeji yake kana kwamba anangoja neno, halafu akaaga.

Mdogo akaiweka chesisi kwenye reli, akafungua umeme. Haikusogea. Kwenye kile kiboksi cha kuongozea umeme ikawaka taa nyekundu. Akazima, akawasha, nyekundu tena. Imepiga shoti. Akavaa miwani yake ya ukuzaji akaigeuza chesisi kichwa chini, akakaa nayo hivyo hadi nikadhani amesinzia.

"Ekseli ya nyuma imepinduliwa," akasema.

Nikamwomba anieleze kama unavyomweleza mtu wa cherehani. Akanieleza. Umeme unaingia kwa reli moja na kutokea kwa ya pili. Kila ekseli ina magurudumu mawili, na moja kati yake limezungushiwa pete ya plastiki kwa ndani ili umeme usivuke. Magurudumu yenye pete lazima yote yawe upande mmoja. Ukipindua ekseli moja tu, umeme unakata kona hapo, mota haipati kitu.

"Basi ni kosa dogo," nikasema.

"Ni kosa la siku ya kwanza," akasema. "Mimi alinifundisha hili kabla hajanifundisha kushika tupa. Alikuwa akisema mwenye kupindua ekseli apewe mkokoteni. Kaka yangu hawezi kufanya hivi. Kama alifanya, hakuwa kaka yangu."

Akaweka chesisi chini. Halafu akanitolea jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe.

Mara ya mwisho kuonana, kabla ya hospitali, Mkubwa alimwita karibu akamwambia, "Mdogo wangu, wewe siku hizi kazi yako imeipita yangu." Hivyo tu. Kisha wakazungumza habari za paa linalovuja.

"Tangu nizaliwe sijasikia neno kama hilo kinywani mwake," Mdogo akasema. "Nimelibeba. Nikasema nikilia nitalilia hilo. Halafu nikaanza kujiuliza. Kibanda alifunga, akatuambia watu wanatazama saa kwenye simu. Kikombe alikuwa anakiacha mezani, anainama kunywa kama ng'ombe. Hadithi moja anaisimulia mara mbili. Na sasa hii." Akagusa ekseli kwa ncha ya kidole. "Kama akili ilikuwa imeshaondoka, basi aliyenisifu ni ugonjwa. Ugonjwa unamsifu yeyote."

"Ungemuuliza shemeji yako."

"Nimuulize nini? Mumeo alikufa mwendawazimu?"

"Swali hilo lina maneno mengine, we mzee."

Hakuitengeneza. Hicho ndicho kilichonishangaza. Ekseli ile angeing'oa na kuigeuza kabla ya chai kupoa, ana kifaa chake cha kung'olea magurudumu, nimekiona. Akaifunga kwenye kitambaa. Nusu ya chini si yake, na akiigusa atakuwa amekubali kwamba ilikosewa. Bodi juu ya kabati, chesisi ndani ya droo, naye katikati amekaa. Mkewe akasema afadhali ya tupa, angalau tupa ilikuwa na sauti.

Bi Mkubwa alingoja kuitwa, hakuitwa. Jumapili moja mchana akaja mwenyewe, mimi nipo. Hakukaa.

"Shemeji, treni imetembea?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Nasubiri rangi ikauke."

"Hata rangi ya ukuta wa hospitali haichukui muda hivyo kukauka. Nionyeshe."

Mdogo akamtazama, akafungua droo. Akaweka chesisi kwenye reli, akawasha. Taa nyekundu. Bi Mkubwa akaisogelea ile taa kama anaisoma.

"Hii nyekundu ni mbaya?"

"Si mbaya sana. Ni vumbi tu, nitapangusa." Alikuwa anamfichia. Mimi nilijua anamfichia, na nadhani yule mama naye alijua.

"Ni magurudumu ya nyuma," Bi Mkubwa akasema.

Mdogo akazima umeme.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu hayo niliyaweka peke yangu." Ndipo akavuta kiti akakaa. "Mikono ya kaka yako ilikufa kabla yake. Mwaka mzima ilikuwa inatetemeka. Kikombe hakiinui, skrubu haiingii anapotaka. Fundi saa huyo. Unadhani alifunga kibanda kwa sababu ya simu? Akaniambia, wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa kichwa. Chesisi hii nimeifunga mimi, yeye amekaa pembeni ananitukana, ananiambia: Siyo hiyo, mama. Hiyo nayo siyo. Wewe ulipika miaka yote hivyo hivyo bila kuangalia?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema Mdogo akijua atataka kunifanyia, na nusu ya chini si yake."

Mdogo akaigeuza chesisi, akayatazama magurudumu.

"Mbele na katikati tulifunga pamoja," Bi Mkubwa akaendelea. "Ya nyuma ikabaki, akapelekwa hospitali. Nikasema nitaimaliza nimpelekee aione. Niliiweka jinsi nilivyokumbuka. Sikuwahi kumpelekea. Nilipokuletea hapa nilisubiri uniambie nimekosea, ukaniambia nitakuita."

"Na kichwa chake?" Mdogo akauliza. "Akili. Ilikuwaje?"

"Ilikuwa kali kuliko ninavyopenda. Alikufa ananidai mkasi wake mdogo."

"Hadithi alikuwa anarudia."

"Hadithi amerudia tangu aliponiposa. Wewe ulikuwa humsikilizi, ndiyo maana umechelewa kugundua."

Mdogo akavua miwani, akaiweka mezani, akaiokota tena. Kisha akamweleza lile neno la mwisho. Alilieleza akiitazama chesisi, polepole, kama mtu anayepitisha kitu kwenye tundu la sindano. Nilitaka kutoka nje, ila kiti changu kilikuwa upande wa ukutani.

"Kumbe alilisema," Bi Mkubwa akasema. "Mimi nilidhani limemshinda."

"Ulilijua?"

"Alilifanyia mazoezi jikoni kwangu. Mara ya kwanza alisema, nitamwambia kazi yake si mbaya. Nikamwambia hiyo si sifa, ndivyo anavyosema fundi bomba akitaka kuondoka. Akanuna. Kesho yake akaja na jingine, refu, lina mashairi ndani. Nikamwambia hilo atadhani unakufa. Akasema, si nakufa kweli? Tukacheka. Hilo ulilosikia ni la tatu, au la nne. Alikuwa anaogopa, shemeji. Alikuja kulisema siku ile akarudi anatoka jasho, nikamuuliza umesema? Akanijibu tumezungumza habari za paa."

Mdogo akakaa. Sikumwona akilia, na sitasema alilia ili hadithi ipendeze. Uso ulikuwa ule ule. Ila aliuliza, "La kwanza alisemaje, hebu rudia?" Bi Mkubwa akarudia. Akauliza la pili, akaambiwa. Akauliza kama aliliandika lile lenye mashairi, akaulizwa angeliandika kwa mikono ipi.

Baada ya hapo akafungua droo, akatoa kifaa cha kung'olea magurudumu. Akakiweka upande wa shemeji yake, si upande wake.

"Ng'oa," akamwambia. "Gurudumu hili ni lako. Mimi nitakuwa kichwa."

"Nikivunja?"

"Utavunja la kwako."

Mkewe akaja kusimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, asijue kuna nini. Nami nikaomba njia nikapita, maana chumba ni kidogo na sasa kilikuwa kimejaa watu. Nilipofika uani walikuwa wameshang'oa gurudumu moja, la pili limegoma, na nilimsikia Bi Mkubwa anamwambia Mdogo asogeze kichwa, anamzibia mwanga.