Mnyoo Katika Samaki wa Mama

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu nilijifunza kwamba moto mwingi huharibu virutubishi vya chakula. Nililisikia jambo hilo katika mhadhara mmoja tu, tena nikisinzia, lakini likizo ilipofika nilirudi nyumbani, mtaa wa Mbotela, nikiwa mtaalamu kamili.

Mama alikuwa akikaanga samaki wa kuuza mbele ya mlango wetu. Ngege, samaki wa ziwani, waliletwa kwenye barafu, akawachukua soko la Muthurwa asubuhi, na kufikia adhuhuri karai lilikuwa linachemka. Hakutumia saa. Samaki wake alihesabiwa ameiva mkia ukivunjika kama kijiti kikavu.

"Mama, hawa unawaua mara ya pili," nikamwambia. "Watoe mapema. Uzuri wote unabaki kwenye mafuta."

Akatii. Kwa siku tatu nilijiona nimeleta maendeleo mtaani.

Siku ya nne jirani yetu akaja na sahani mkononi. Mwanamke huyu alitoka upande wa Nyeri, ambako watu wake hawakuzoea samaki, na Mama alikuwa amehangaika mwaka mzima kumzoesha kipande kwa kipande. Wanawake wa kanisa lake walikuwa wakimwangalia yeye. Akiendelea kula, nao wangejaribu; akitema, karai la Mama lingekosa wateja mtaani. Kwenye sahani, chini ya mashavu ya samaki, mnyoo mweupe alikuwa amejikunja.

"Mama Samaki, huyu ni wa nyongeza?"

Watu wakasogea. Nikaona saa yangu imefika. Nikaeleza kwamba mnyoo huyo hukaa ndani ya samaki akingoja kuliwa na ndege wa ziwani, kwamba binadamu si makao yake, na kwamba akishaiva hana madhara.

"Na huyu ameiva?"

"Inategemea joto lililofika ndani."

"Lilifika?"

Nikaitazama nyama iliyoshikamana na mfupa. Ilikuwa bado inang'aa, mbichi.

"Nani alikaanga hii?" jirani akauliza.

"Mimi," Mama akasema. "Lakini amri ilitoka chuo kikuu."

Walicheka mpaka wa nyumba ya nne wakatoka nje. Mama hakucheka. Alimwaga samaki wote wa siku hiyo, akamchukua ngege mbichi, akampasua mbele yao na kuchokoa kwa kidole pale moyo unapokaa. Akatoa minyoo wawili, akawalaza kwenye gazeti. Kumbe miaka yote alikuwa akiwatoa, bila mhadhara. Yule mmoja tu ndiye aliyemponyoka. Kisha akakaanga apendavyo yeye.

"Profesa aanze," jirani akasema.

Nikala, watu wote wakinitazama tumbo. Jirani alingoja nimeze, akangoja tena kidogo, ndipo akamega kipande, akatafuna polepole, akameza.

"Kaanga hivi hivi, dada," akamwambia Mama. "Na huyu afunguliwe chuo haraka."

Jumapili, baada ya ibada, wanawake wanne wa kanisa lake walisimama mbele ya karai wakiwa na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Nikawauliza wanataka samaki wa ukubwa gani.

"Samaki gani? Tumekuja kuona minyoo."

Mama akapasua ngege, akawaonyesha. Wakashika midomo, wakasukumana, wakataka kuona tena. Mafuta yalikuwa tayari yamepata moto, basi wakangoja samaki aive, waonje.