Viatu Nilivyoviacha Kwenye Kizuizi

Ninyi mliolala humu wodini mkisikia habari za aliyepona, mnadhani alikuwa na nguvu kuliko ninyi. Mimi sikuwa nazo. Nilikuwa muuza ndizi pale soko la Kalerwe, mwanamke wa kelele, nabeba mkungu kichwani huku nikigombana na madereva. Mume wangu, Okello, alikuwa askari polisi, mtu wa Kitgum, kaskazini, kama mimi. Tulipanga chumba mtaa wa Katwe.

Asubuhi moja, wanajeshi wakiwa wameshashika nchi na kuwasaka watu wa kwetu, Okello alikwenda kazini na hakurudi. Niliuliza kila niliyethubutu kumwuliza. Sikulia. Niliendelea kuuza ndizi.

Miezi michache baadaye niliharisha wiki nzima. Tumbo likapona, lakini vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Ganzi ikapanda magotini, ikafika kiunoni. Siku ya tano nikashindwa kusimama. Mkojo ulinitoka bila mimi kujua. Wifi yangu Ajok, dada yake Okello, alikuwa amekuja kuniuguza, na ndiye aliyesikia harufu kwanza. Alinibadilisha nguo kama mtoto mchanga. Hata aibu sikuiona.

Hospitalini, daktari mmoja mzee wa Kihindi alinigongagonga magoti.

"Mguu itarudi, lakini pole pole," akasema. "Sasa wewe usiamini mguu. Tembea na macho."

Kabla sijapiga hatua ya kwanza, Wahindi walifukuzwa nchini, naye akaenda zake.

Nguvu zilirudi, nikasimama kwa fimbo, kisha bila fimbo. Hisia hazikurudi. Siku moja nilinusa nyama inaungua, nikamwuliza Ajok anapika nini. Kilikuwa kisigino changu, nimekiegemeza kwenye sigiri ya makaa.

Baada ya hapo Ajok alitaka kunirudisha Kitgum. Nikakataa. Okello akirudi, atanitafuta Katwe.

"Sawa," akasema. "Kila siku unasema Namugongo, Namugongo, kuhiji kwa mashahidi wa dini. Nenda na basi, peke yako. Kama unarudi na miguu yako, nakuacha hapa. Kama unashindwa, tunaenda Kitgum, na mimi sitaki kusikia maneno."

Nikapanda basi. Njiani tukakuta kizuizi cha wanajeshi.

"Wote chini! Toa viatu!"

Tulijipanga kando ya barabara, viatu mbele yetu. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu, nisije nikaanguka.

"Wewe mama, mbona unaangalia chini? Unaficha nini?"

"Afande, miguu yangu haisikii kitu. Natembea na macho."

Akanikanyaga kwa buti, taratibu, kwa uzito wake wote. Nikamtazama tu. Hata woga sikuwa nao. Nadhani yeye ndiye aliyeogopa, maana aliondoa mguu haraka.

"Pandeni! Pandeni, endeni!"

Watu wakazoa viatu vyao, wakakimbilia basi, nami nikaenda nao, macho yangu kwenye bunduki yake.

Tuliposhuka, nilitembea pamoja na mahujaji wengine. Nilitembea vizuri, macho mbele kama watu wengine, nikajisifu moyoni. Mama mmoja Mganda akaja ubavuni kwangu.

"Nyabo, umeweka nadhiri ya kutembea bila kiatu? Mguu yako natoka damu."

Nikatazama. Nilikuwa pekupeku. Viatu vyangu vilikuwa bado vimepangwa kule kwenye kizuizi.

Alinikalisha kando ya bwawa pale Namugongo, akachota maji, akaanza kuniosha. Alipofika chini ya unyayo wa kushoto nikapiga kelele.

"Inauma?"

"Inauma!"

Kijiwe tu, kimeingia kwenye nyama. Zaidi ya mwaka sikuwa nimesikia kitu pale. Na nyuma ya maumivu yale akanijia Okello moyoni, na kofia yake, na kikohozi chake cha asubuhi. Nikalia kwa sauti mbele za watu. Yule mama alinibembeleza, akidhani ni mguu. Nikamwacha adhani hivyo.

Nilirudi Katwe jioni, miguu imefungwa vipande vya leso.

"Viatu viko wapi?" Ajok akauliza.

"Viko kwa wanajeshi. Miguu ninayo."

Kesho yake Ajok alifunga mzigo wake tu, akarudi Kitgum bila mimi.

Namshukuru Mungu, namshukuru Ajok, na yule daktari popote alipo. Ninyi jiguseguseni miguu kila asubuhi. Siku miguu itakapouma, msikimbilie kumwita nesi aondoe maumivu. Kaeni nayo kidogo kwanza.

Okello hajarudi. Nakaa Katwe bado, chumba kilekile.