Moto Niliouendea Bondeni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naweka mkono kifuani kuhakikisha kwamba bado napumua. Nilikuwa bibi harusi mpya, nimetoka Rutshuru kuja kuolewa Goma, miaka ile ya hamsini, wakati taa za umeme zilikuwa za nyumba chache za Wazungu kando ya ziwa. Sisi wengine jua likizama tuliwasha taa ya mkebe. Nilikuwa na miaka mitatu ya shule ya misheni na kiburi cha miaka kumi.

Babu yako alikuwa mpiga makasia wa Wazungu waliokuja kupima Ziwa Kivu. Jioni moja alirudi amesisimka, hata chakula hakugusa. Alisema wameshusha mpira mrefu hadi chini kabisa, maji yakapanda yakitoa povu kama pombe ya ndizi, wakaikusanya hewa yake ndani ya chupa na kuiwasha. Ikawaka! Wale Wazungu walisema hewa hiyo ni gesi, iko nyingi kule chini, na ipo siku itazungusha mashine na kutoa umeme. Nilimuuliza maswali mpaka akasinzia katikati ya jibu. Moto unatoka majini, mwanangu! Mtu anasikia habari kama hiyo halafu anaanza kukoroma?

Sasa, nyuma ya shamba la mama mkwe wangu palikuwa na bonde dogo katika mawe ya volkano. Watu walilikwepa, hasa asubuhi. Walisema lina mazuku, yaani hewa mbaya inayotoka ardhini. Mama mkwe alinikataza kushuka humo tangu juma la kwanza, na hakusema zaidi. Nami sikuuliza, kwanza kwa aibu ya ugeni, tena, sikufichi, kwa sababu nilidhani mama yule anaogopa mapepo tu. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe: gesi ya ziwa inatoka chini, mazuku yanatoka chini, basi ni kitu kimoja, na umeme wetu tumeukalia hapa hapa tukichimba viazi.

Babu yako alipokwisha kwenda ziwani, nilichukua taa na kiberiti, nikashuka. Taa ilizimika mkononi. Nilisema ni upepo, na asubuhi hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nikapanda, nikaiwasha, nikashuka tena. Ikazimika pale pale. Mtu mwenye akili angejiuliza kuna nini. Mimi nilisema labda gesi iko chini zaidi, nikapiga magoti ili nijaribu kiberiti karibu na ardhi. Njiti ya kwanza ilikataa, ya pili ikakataa. Pumzi zikaanza kwenda mbio kama za mtu aliyepanda mlima, kichwa kikagonga, na nilipotaka kuinuka, miguu haikunisikia.

Nikasikia jina langu likiitwa. Mama mkwe alikuwa akikata majani ya mbuzi kule juu. Alishuka ameinua kidevu kama mtu anayevuka mto, akanikamata kikwembe begani, akanikokota mpaka juu ya mawe. Tuliketi tukihema wote wawili.

"Ulikuwa unatafuta nini mule?" aliuliza.

"Moto, mama. Ile ya Bazungu, ya kutoka mu maji."

"Na juu ya nini haukuniuliza?"

Akaniangalia tumboni, kisha usoni.

"Muliingia wawili mule," alisema. "Na ni wewe peke yako ulikubali."

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata babu yako. Sijui aliligunduaje tumbo la miezi miwili. Nililia, na yeye hakuninyamazisha.

Nilitazamia atanipeleka nyumbani kunishtaki kwa mwanawe. Kumbe alifunga fungu la majani makavu kwenye ufito mrefu, akaliwasha, akalishusha bondeni tukiwa juu. Moshi ulishuka kidogo, ukasimama, ukatandaa kama shuka. Chini ya shuka hiyo moto ulizimika mara moja. Nilisahau kulia.

"Pale kwenye moshi inalala, ni pale mazuku inaishia," alisema. "Inazima moto, inazima na mutu. Upepo ikikuja mchana, inapungua. Nikipita huku napimaka." Akauweka ufito chini. "Na mimi nilikosa. Nilikukataza, sikukuonyesha."

Halafu, mwanangu, mama yule aliyenikataza alinisogelea na macho yakimng'aa. "Na ile ya bwana yako, inawaka kweli? Nataka kuiona."

Baadaye babu yako alitupeleka ufukweni. Mama mkwe aliitazama ile chupa ikitoa moto wake wa rangi ya samawati, akaizunguka, kisha akamwambia mwanawe amuulize Mzungu: mukiitoa hii yote, ziwa itabakia na nini? Mzungu aliandika kitu katika daftari lake, na mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Nakueleza haya kwa kuwa umeniambia unakwenda kusomea umeme, ule wa gesi ya ziwa na ule wa jua. Nimefurahi mno, wala sitakuambia uogope. Penda kujua, maana mimi bado napenda. Lakini popote watakapokupeleka kupima, kabla hujafungua vyombo vyako, mtafute mama anayekata majani mahali hapo, umuulize anajua nini. Usione aibu. Taa yako ikizimika mara mbili, usipige magoti, panda juu ufikiri. Na utakapokuwa mkubwa wa wengine, usiwakataze tu, waonyeshe moshi unapolala.

Aliyekuwa tumboni mwangu asubuhi ile ni baba yako. Nilitaka kujua, na nusura nilipe kwa uhai wa mtu ambaye sikumuuliza, na leo nisingekuwa nawe hapa nikikusimulia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe pumzi ndefu na macho yasiyochoka kuuliza, na taa utakayoiwasha imfikie kila mama anayepikia gizani. Mkono wangu uko kichwani pako.